Hakumwaga ndani, lakini yale majimaji ya mwanzo yaliingia: mimba inawezekana?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 24. Jumamosi usiku, kama saa nne hivi, nilikuwa na mpenzi wangu. Mara ya kwanza tulitumia kondomu, akamaliza. Baada ya nusu saa tukarudia, kondomu zikawa zimeisha, akasema atachomoa. Kweli alichomoa, akamwaga pembeni kwenye shuka, nina uhakika. Lakini kabla ya hapo niliona yale majimaji ya kuteleza yakimtoka, na yaliingia. Katikati hakwenda hata kukojoa. Ilikuwa siku ya 12 tangu nianze hedhi. Mzunguko wangu huwa siku 26, miezi mingine unafika hadi 31. Yeye anasema majimaji hayo hayana mbegu, na kwamba anajijua. Rafiki yangu ananiambia ninywe maji ya chumvi na nijisafishe kwa ndani. Mwingine anasema uwezekano ni asilimia 4 tu nitulie. Leo Jumatatu nimeamka na kichefuchefu. Nina mimba? Nimechelewa?"

Marahaba, binti yangu. Hujachelewa, ila saa inatembea. Kutoka Jumamosi saa nne usiku hadi leo asubuhi zimepita saa kama 36. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, P2 kama wengi mnavyokiita, hufanya kazi vizuri kadiri kinavyomezwa mapema, na ukomo unaoandikwa kwenye pakiti nyingi ni saa 72. Kwako wewe hiyo ni kesho Jumanne, saa nne usiku. Kama huko tayari kubeba mimba sasa hivi, nenda duka la dawa kwanza, umeze, ndipo urudi usome sababu. Maelezo hayaozi.

Sasa tuingie kwenye hofu yenyewe. Ukiitazama vizuri utaona umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama majimaji yale yana mbegu, kama mbegu hizo zikiwepo zinatosha kutunga mimba, na kama siku ile yai lilikuwa karibu. Mimba hutokea pale yote matatu yanapokutana. Watu wanaobishana kuhusu jambo hili kwa kawaida kila mmoja ameshika moja na kuacha mawili, ndiyo maana unasikia majibu yanayopingana na kila mwenye jibu anaapa.

Kichefuchefu nikiondoe mapema, kisikusumbue. Hakiwezi kuwa cha mimba. Hata kama yai lilirutubishwa Jumamosi usiku uleule, leo lingekuwa bado linasafiri ndani ya mrija likielekea kwenye mji wa mimba. Hujipachika kwenye ukuta wake kati ya siku ya 6 na ya 12 hivi baada ya yai kutoka, na ni baada ya hapo tu ndipo mwili unaanza kutoa homoni ya mimba inayoleta kichefuchefu na inayosomwa na kipimo. Siku mbili baada ya tendo hakuna dalili ya mimba mwilini mwa mtu yeyote. Ulichonacho huenda ni hofu, au umelala bila kula, au tumbo tu.

Tuje kwenye majimaji. Chini ya tezi dume kuna vijitezi viwili, kila kimoja kikubwa kama punje ya njegere, vinavyoitwa tezi za Cowper, kwa jina la William Cowper, mtaalamu wa Uingereza wa anatomia. Mwanaume anapopata ashiki, vijitezi hivyo humwaga ute mwangavu, wa kuteleza, kwenye mrija wa mkojo. Mwingine hutoa tone moja, mwingine hafikishi hata tone, na mwingine hutoa hadi karibu mililita 4, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Kazi ya ute huo ni mbili. Unapunguza ukali wa asidi ya mkojo uliobaki kwenye mrija, maana mbegu hazipendi asidi, na unalainisha njia. Ni kama mtu anayefagia barabara kabla ya msafara kupita.

Vijitezi vyenyewe havitengenezi mbegu. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani, hukomaa na kuhifadhiwa kwenye mrija uliojikunja nyuma yake, kisha husafirishwa hadi kwenye mrija wa mkojo wakati wa kumwaga. Hapo ndipo mpenzi wako alipopata nusu ya ukweli: ute unapotoka kwenye tezi hauna mbegu. Tatizo ni njia unayopita. Mkojo, ute wa mwanzo na shahawa vyote hutoka kwa mrija mmoja, hakuna mwingine. Ute unabeba kilichobaki ndani ya mrija huo. Na kwa baadhi ya wanaume mbegu huvuja kidogo na kuchanganyika nao hata kabla ya kumwaga.

Hili limepimwa kwa darubini. Utafiti mdogo wa mwaka 2003 uliangalia ute wa wanaume 12 na haukukuta mbegu kabisa, na hapo ndipo ilipopata nguvu ile kauli ya "majimaji hayana mbegu". Kisha mwaka 2011 ukachapishwa utafiti wa Uingereza wa wanaume 27 waliotoa sampuli 40. Wanaume 11 kati yao walikuwa na mbegu kwenye ute, na 10 kati ya hao 11 mbegu zao zilikuwa hai, zinaogelea. Mwaka 2016 watafiti wa Thailand wakaangalia wanaume 42 na kukuta mbegu zinazoogelea kwa 7, yaani karibu mmoja kati ya sita. Idadi zinatofautiana kwa sababu makundi yalikuwa madogo, lakini jibu la swali la kwanza limepatikana: kwa wengine zipo, kwa wengine hazipo.

Utafiti ule wa 2011 una mambo mawili ambayo watu huyaruka, nami nayaona ndiyo kiini. La kwanza, aliyekuwa na mbegu kwenye sampuli moja alikuwa nazo pia kwenye sampuli zake nyingine, na asiyekuwa nazo hakuwa nazo. Inaelekea ni maumbile ya mtu. Kuna wanaovuja na kuna wasiovuja, na kwa macho huwezi kuwatofautisha, wala mwenyewe hajijui. La pili, karibu wote walikuwa wamekwishakojoa mara kadhaa tangu walipomwaga mara ya mwisho, na bado mbegu zikaonekana. Kwa hiyo ule ushauri wa "akikojoa kabla hakuna tatizo" unasaidia kusafisha mabaki ya bao lililotangulia, ila hauzibi kinachovuja chenyewe.

Wasomaji wa pwani na wengine waliosoma madrasa watasema: hayo si ni madhii? Ndiyo, ni yenyewe. Fiqhi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, inatofautisha madhii na manii, yaani shahawa, na tofauti hiyo inahusu tohara: manii yanadai kuoga janaba, madhii yanadai kuosha sehemu na kutia udhu. Wengine wameichukua tofauti hiyo wakaifanya ya uzazi, wakahitimisha kwamba madhii hayawezi kutungisha mimba. Hukumu ile haikuwekwa kujibu swali hilo.

Na hilo la "najijua" niligusie. Mwanaume anaweza kuhisi kwamba anakaribia kumwaga, na mwenye uzoefu anahisi mapema. Lakini ute wa mwanzo hautoi taarifa. Hautoki kwa mpigo, hauna msisimko wake, na hakuna msuli anaoweza kuubana ili kuuzuia. Anapokuambia anajijua anasema kweli kuhusu kumwaga, na wala hasemi uongo kuhusu ute. Hana tu njia ya kujua.

Swali la pili: zinatosha? Shahawa za tendo moja huwa mililita 1.5 hadi 5, na ndani yake mbegu makumi ya mamilioni, mara nyingi zaidi ya milioni mia moja. Kwenye ute wa mwanzo huwa chache zaidi. Katika utafiti ule wa 2011 hakuna sampuli iliyofika jumla ya milioni 23, na nyingi zilikuwa chini mno ya hapo. Ni kweli yai huhitaji mbegu moja tu, lakini hiyo moja haifiki peke yake. Uke una asidi inayoua nyingi ndani ya saa chache, mlango wa kizazi unazichuja, na kati ya mamilioni ni mamia tu hufika karibu na yai. Ukianza na chache, uwezekano wa kufika unashuka sana. Unashuka, haufiki sifuri.

Na kuna siku fulani haushuki sana hivyo. Siku chache kabla yai halijatoka, ute wa mlango wa kizazi hubadilika. Unakuwa mwangavu, mwingi, unavutika kati ya vidole viwili kama ute mbichi wa yai la kuku bila kukatika haraka. Ute huo hupunguza asidi, hulisha mbegu na kuzipa njia. Ndani yake mbegu huweza kuishi hadi siku 5. Siku nyingine za mwezi ute huwa mzito, mkavu au kama krimu, na mbegu chache zinazoingia hukwama na kufa. Kwa hiyo ute uleule wa mwanaume, wenye mbegu zilezile chache, ni jambo moja siku ya 25 na ni jambo jingine siku ya 12.

Tuhesabu siku zako, kalamu mkononi. Hedhi yako ilianza Jumanne ya wiki ile nyingine, maana Jumamosi ilikuwa siku ya 12. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Takribani, si kama saa ya ukutani. Mwezi wako wa siku 26 yai litatoka karibu na siku ya 12. Mwezi wa siku 31 litatoka karibu na siku ya 17. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu huweza kulisubiri siku 5, kwa hiyo siku zako za hatari zinaanzia siku ya 7 na kuishia ya 17. Siku ya 12 iko katikati kabisa. Kwa wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta kwamba tendo la siku 5 kabla ya yai kutoka lilikuwa na uwezekano wa kama asilimia 10 wa mimba, ukipanda hadi asilimia 33 siku yenyewe ya yai kutoka. Hao ni watu waliokuwa wakimwaga ndani, kwa hiyo namba hizo ni dari yako. Wewe uko chini yake, na kwa maoni yangu uko chini sana.

Sasa ile asilimia 4 uliyoambiwa. Namba ni ya kweli, matumizi yake ndiyo yamepotoka. Haina maana kwamba kila tendo lina asilimia 4. Maana yake ni hii: katika wanawake 100 ambao wenzao huchomoa vizuri kila mara, bila kuteleza hata siku moja mwaka mzima, kama 4 hupata mimba ndani ya mwaka huo. Hawa ndio wanaotuonyesha, pamoja na sababu nyingine ndogondogo, mchango wa ute wa mwanzo. Lakini kwa binadamu wa kawaida, wanaochelewa siku moja moja, wanaokunywa bia mbili, wanaosahau, idadi ni kama 20 kati ya 100. Linganisha na kondomu ya kiume, 2 kwa matumizi sahihi na 13 kwa matumizi ya kawaida, na wasiotumia chochote ni 85. Pengo kati ya 4 na 20 ndilo la kutazama. Wengi wanaopata mimba kwa njia ya kuchomoa hawapati kwa ute. Wanapata kwa kuchelewa. Na kuchelewa hakuhitaji kuwa kwingi, kwa sababu mpigo wa kwanza wa shahawa ndio wenye mbegu nyingi kuliko yote inayofuata.

Nikipima tukio lako kwa mizani ya haki: alichomoa kwa wakati, akamwaga mbali na mlango wa uke, hayo yanakushushia hatari sana. Yanayoipandisha ni mawili. Ilikuwa bao la pili, nusu saa tu baada ya la kwanza, bila kukojoa. Kondomu ya bao la kwanza ilikulinda wewe, ila haikusafisha mrija wake. Mbegu zilizobaki mle huenda zilikuwa bado hai, na ute wa bao la pili huenda ndio uliozitoa. Na siku yenyewe ilikuwa ya 12. Ungeniambia bao la kwanza, siku ya 24, ningekuambia subiri hedhi kwa amani. Kwa hali yako sikwambii hivyo. Uwezekano ni mdogo, na dawa ya kuupunguza zaidi ni salama na inapatikana leo.

Dawa yenyewe ni levonojestreli. Jumla unayohitaji ni miligramu 1.5. Pakiti nyingine ina kidonge kimoja cha 1.5, nyingine ina viwili vya 0.75. Ukipata vya 0.75, meza vyote viwili kwa pamoja, hata kama karatasi ya zamani inasema uache saa 12 katikati. Kwa pamoja vinafanya kazi vilevile na huna cha kusahau. Angalia tarehe ya kuisha muda, na nunua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, siyo kwa anayeuza mkononi. Ukitapika ndani ya saa 2 tangu umeze, rudia dozi. Kula kidogo kabla kunasaidia.

Inafanyaje kazi? Inachelewesha yai kutoka. Ni hilo tu. Kama yai limekwishatoka, haina la kufanya, na kama mimba imekwishajishika, haiitoi wala haimdhuru mtoto. Ndiyo maana mapema ni bora: unashindana na yai. Baada ya saa 72 bado inaweza kusaidia hadi saa 120, lakini nguvu yake imepungua. Nguvu hupungua pia kwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, hasa anayezidi kilo 70 au zaidi, na kwa anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Kama uko kwenye mojawapo ya dawa hizo mwambie mfamasia waziwazi. Hapo dozi inayoshauriwa ni mara mbili, miligramu 3.

Usiogope maneno ya mtaani kwamba P2 inaharibu kizazi. Haiharibu. Itakayokusumbua ni hedhi: inaweza kuwahi au kuchelewa hadi wiki nzima, na unaweza kuona matone ya damu katikati. Matone hayo usiyahesabu kuwa hedhi. Sababu ya kutoifanya njia ya kila mwezi ni kwamba ni dhaifu kuliko njia za kawaida na inavuruga kalenda yako mpaka hujui uko siku gani. Na kuna kosa moja linalorudiwa sana: mtu anameza Jumatatu, anaona amelindwa, anarudia tendo Alhamisi bila kinga. Kidonge kimelisukuma yai mbele tu, hakijalifuta; tendo la Alhamisi linaweza kulikuta. Mpaka hedhi ije, kondomu kila mara. Ukitaka kuanza vidonge vya majira unaweza kuanza siku hiyohiyo uliyomeza P2, ukitumia kondomu siku 7 za mwanzo.

Ipo njia yenye nguvu kuliko kidonge, nayo haitajwi vya kutosha: lupu ya shaba, yaani kitanzi kisicho na homoni. Ikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa ndani ya siku 5 tangu tendo, huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, haijali uzito wako wala dawa unazotumia, na ukipenda unaibakiza kama uzazi wa mpango kwa miaka. Kwako siku 5 zinaisha Alhamisi saa nne usiku. Kuna pia kidonge cha ulipristali, miligramu 30, kinachofanya kazi hadi saa 120, ila maduka mengi ya kwetu hayana. Ukikipata, vidonge vya majira subiri siku 5 ndipo uanze.

Maji ya chumvi usinywe. Utapandisha presha na kujitapisha, na ukitapika baada ya P2 ndiyo umeitupa. Vivyo hivyo majani ya chai mazito, soda na Panadol, Flagyl, amoksilini au dawa za malaria. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofika kwenye yai. Kujisafisha kwa ndani ni kubaya zaidi, iwe kwa maji, limau au sabuni. Mbegu huingia mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, kwa hiyo unaosha chumba ambacho mgeni amekwishaondoka, huku ukiua bakteria wazuri wanaokulinda na fangasi na maambukizi. Kukojoa baada ya tendo ni kuzuri kwa kuzuia UTI, ila hakutoi mbegu: tundu la mkojo na uke ni njia mbili tofauti. Na shuka uliyosema haina neno. Shahawa ikishakauka kwenye kitambaa, mbegu zimekufa.

Kipimo usikimbilie kesho. Hedhi yako inatarajiwa kati ya siku ya 27 na ya 32, na ya 27 itaangukia Jumapili, siku 15 baada ya tendo. Kipimo kinachokata mzizi wa fitina ni cha siku 21 baada ya tendo, kwako Jumamosi ya wiki ya tatu, iwe hedhi imekuja na matone tu au haijakuja kabisa. Tumia mkojo wa asubuhi wa kwanza. Soma jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Kijiti ukikiacha mezani ukakirudia baada ya saa nzima unaweza kukuta mstari hafifu wa pili ambao ni unyevu uliokauka, na wengi wamelia kwa mstari huo. Mstari wa pili ukitokea ndani ya muda, hata ukiwa hafifu, uhesabu.

Hujauliza kuhusu magonjwa, lakini ute wa mwanzo nao hubeba virusi vya UKIMWI kwa aliyeambukizwa asiye kwenye dawa, na kisonono na klamidia pia. Kuchomoa hakukingi chochote kati ya hivyo, wala P2. Kama humjui hali yake, kuna dawa za kinga baada ya tendo, PEP, zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kutumiwa siku 28; zinatolewa vituo vyenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya virusi vya UKIMWI. Saa zile zile, kwa hiyo unaweza kuuliza yote kwa safari moja.

Kwa siku zijazo, kama mtaendelea na njia ya kuchomoa, fanyeni kwa akili. Akojoe na afute ncha kabla ya kuanza, atoke mapema na ageukie mbali na mapaja yako, na bao la pili lisifanyike bila kondomu. Siku zako za 7 hadi 17 kondomu iwe tangu mwanzo, kabla uume haujagusa uke. Kuivaa katikati ni kufunga mlango wakati ute umekwishaingia. Na ikitokea ameiweka kinyumenyume, haikunjuki, asiigeuze akaivaa tena. Ule upande uliogusa ncha una ute tayari, na sasa ndio utakaokuwa nje. Itupwe, ichukuliwe nyingine. Ukitaka usingizi wa kweli, uliza kliniki ya uzazi wa mpango kuhusu kijiti cha kuwekwa mkononi, sindano au lupu. Vituo vingi vya serikali hutoa bila malipo.

Nenda ukaonane na mhudumu ana kwa ana kama hedhi imechelewa zaidi ya siku 7 baada ya siku uliyoitarajia, au kipimo kimeonyesha mistari miwili. Nenda siku hiyohiyo, usingoje kesho, ukipata maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu, maumivu ya bega au damu isiyo ya kawaida katika wiki zinazofuata. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huanza hivyo na inaua. Uchafu wenye harufu, homa au kuungua wakati wa kukojoa navyo vinahitaji kupimwa, siyo dawa za kubahatisha. Na kama lililotokea halikuwa kwa ridhaa yako, nenda hospitali moja kwa moja kabla ya kuoga kama unaweza.

Leo ukifika dirishani, huna haja ya kusimulia yaliyopita wala kunong'ona. Sema: "Naomba dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Tendo lilikuwa Jumamosi saa nne usiku, niko siku ya 14 ya mzunguko, natumia dawa hizi au situmii dawa yoyote." Akikuuliza umeolewa, hilo si swali la kitabibu, na hulazimiki kulijibu.